Aliyeachia Mwanzi Kwanza

Nilikaa dakika hamsini namtazama bibi wa watu amefunikwa na nyuki.

Alikuwa ameketi kwenye kiti. Kiti hicho nilikuwa nimekibeba mimi.

Kati yangu na yeye kulikuwa na hatua thelathini na mlango wa wavu wa waya. Hatua thelathini hata mtoto anayejifunza kutembea anazimaliza. Mimi siku ile nilishindwa.

Naitwa Kacharu. Kwa lugha yetu maana yake takataka, na kwetu Maharashtra, India, hakuna anayeshangaa. Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa mimi akaniita takataka, ili kifo kikija kione hapa hakuna cha kuchukua. Kikapita kweli. Leo nina miaka arobaini na mitatu, mke na mabinti wawili.

Kazi yangu ni kubeba watu.

Juu ya kijiji chetu kuna jabali ambalo watawa wa zamani walilitoboa kwa patasi na nyundo, wakachonga humo mapango ya kusalia. Nguzo, paa, Buddha, vyote jiwe moja na mlima. Sisi tunayaita Lena tu. Wageni wanatoka mbali kuja kuyaona, ila ngazi zake zinatia adabu. Mwenye magoti mabovu tunamkalisha kwenye kiti kilichofungwa kwenye mianzi miwili, watu wanne tunatia mabegani, safari inaanza.

Sisi wanne tulikuwa hivi: mbele mimi na shemeji yangu Nivrutti, nyuma Sukhdev na mzee Digambar.

Digambar ndiye aliyenifundisha kazi. Mwanzi wa kushoto ulikuwa wetu wawili, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Miaka kumi na tisa. Alikuwa na sheria moja tu, na aliirudia kila asubuhi mpaka tukamchoka: kiti hakiendi chini mpaka wote wanne waseme ndiyo. Mmoja akiachia, waliobaki hawana nguvu.

Siku hiyo ilikuwa mwezi wa pili, jua la asubuhi, baridi imeanza kulegea.

Akaja bibi mmoja mwembamba kutoka Nagpur, sari nyeupe pee, miwani ya kioo kinene. Bibi Tanhabai. Alikuwa na mwanawe Sugat, mtu mzima wa karibu miaka hamsini, mpole, mwenye wasiwasi wa kupita kiasi. Alikagua zile kamba za kiti kama fundi wa lifti.

Bibi alitusalimia mmoja mmoja, "Jai Bhim," salamu ya Wabuddha wa kwetu, akauliza majina yetu yote, akayarudia asiyasahau. Halafu akasita kukaa. Alikuwa anaona haya.

"Wanangu, mimi nimebeba matofali kichwani miaka thelathini kwenye majengo ya watu," alisema. "Leo tofali ni mimi."

Digambar akamjibu, "Tofali haliongei hivi, bibi. Kaa tuondoke."

Alicheka mpaka kiti kikatikisika.

Njiani alitueleza shida yake. Hakutaka kuona mapango yote. Alitaka lile la mwisho tu, ambamo Buddha amechongwa amelala ubavu, siku ya kufa kwake, na wanafunzi wake wadogo wadogo wanalia chini ya kitanda. Marehemu mumewe alimwahidi atamleta. Hakuwahi.

Sugat aliona tunakwenda polepole, akatangulia. Alisema atatusubiri kwenye pango la katikati, ampige mama yake picha akiwa anakuja.

Sasa sikiliza.

Kabla ya kufika lile pango la katikati kuna mahali jabali limetoka nje kama ukingo wa kofia. Chini ya ule ukingo ndipo nyuki wakubwa wa porini wanaponing'iniza masega yao. Yale masega yana upana wa mlango, meusi, na ukiyaangalia vizuri unaona yanapumua.

Tunapita hapo kila siku. Hatusemi, hatucheki, hatuvuti sigara. Tunapita kama wezi.

Tulikuwa katikati kabisa ya sehemu ile nilipomwona mwewe. Mwewe wale wanapenda asali na majana, watoto wa nyuki walio ndani ya sega. Aliteremka kutoka juu kama jiwe, akapiga sega kwa makucha, akaondoka na kipande.

Mwewe akaenda zake. Sisi tukabaki.

Kwanza ilikuwa sauti. Siwezi kuifananisha. Ni kama mlima mzima umekohoa na haukunyamaza tena.

Halafu wakashuka.

Wa kwanza aliniuma kwenye kope. Wa pili ndani ya sikio. Nikasikia Nivrutti anapiga ukelele, nikasikia bibi anasema neno sikulishika.

Bega likawa jepesi.

Kiti kikaenda chini kwa kishindo.

Ninachokumbuka baada ya hapo ni miguu yangu mwenyewe. Nilitoka nduki. Sijui niliruka ngazi ngapi. Niliona mlango wa lile pango la katikati uko wazi nusu, mlinzi anapunga mikono, nikaingia kichwakichwa, Nivrutti nyuma yangu, na ule mlango wa waya ukafungwa.

Ile milango iliwekwa kuzuia popo. Siku ile ilizuia nyuki, na ilituzuia sisi.

Ndani tulikuwa watu kama arobaini. Kulikuwa na watoto wa kubebwa, wazee, bibi na bwana arusi wapya, na kundi la wasichana wa chuo. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, na kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Aliamuru watu wasogee nyuma, kwenye giza, wajifunike.

Nikageuka kuangalia nje.

Kiti kilikuwa njiani, kimeegemea ukuta mfupi wa ukingoni. Bibi alikuwa bado juu yake. Alikuwa amejivuta sari mpaka kichwani, ameinama mbele, hatikisiki.

Ile sari nyeupe ikaanza kuwa kahawia.

Sukhdev nilimwona kwa mbali anajitupa kwenye mto ulio chini ya jabali. Digambar sikumwona kabisa.

Hapo ndipo Sugat alipotokea kutoka nyuma, kwenye giza la ndani ya pango, simu mkononi. Alikuwa bado hajaelewa. Alichungulia kwenye wavu, akaona kiti, akaona rangi ile inayotembea.

Simu ikaanguka.

Alikwenda moja kwa moja kwenye komeo. Mlinzi akamshika mkono. Sugat akamsukuma. Mwanamume mwingine akaingilia, na wa tatu nikawa mimi. Nilimkumbatia kwa nyuma nikafunga mikono kifuani kwake. Mimi niliyemtelekeza mama yake nje, mimi ndiye niliyemzuia asimfuate.

"Niachie, ni mama yangu," alikuwa anasema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

Mlinzi akamwambia ukweli. Nyuki wamejaa kwenye waya wanatafuta upenyo. Mlango ukifunguka hata kidogo, hawa watoto wamekwisha. Na yeye akitoka hatafika, ataanguka njiani, watakuwa maiti wawili.

Alikuwa sahihi. Mpaka leo nikifikiria naona alikuwa sahihi. Ndicho kinachoniuma.

Nilisema nitatoka mimi. Nilisema kwa sauti, watu wakanisikia. Lakini nilisema tu, miguu haikusogea.

Basi Sugat akageuka. Kidogo kidogo akaanza kunitambua, uso wangu ulikuwa umevimba jicho moja limeziba. Alinishika shati.

"Mlikuwa wanne. Nani alimwachia mama yangu?"

Watu wote wakaniangalia.

Ndugu yangu, kuna maswali yanataka ujibu kabla hujafikiri. Mdomo wangu ulijibu.

"Digambar," nikasema. "Wa nyuma. Aliachia mwanzi kwanza, kiti kikatushinda. Sisi tungefanya nini?"

Nivrutti alikuwa kando yangu. Alinitazama, halafu akatazama sakafu.

Sikuona kwamba pale ukutani msichana mmoja wa chuo alikuwa amesimamisha simu yake anarekodi.

Mlinzi alipiga simu ofisini chini. Wakasema zimamoto wanatoka mjini na moshi na nguo maalumu, tuvumilie. Akapiga tena, wakasema wako njiani. Akapiga mara ya tatu, tena wakasema wako njiani.

Mama mmoja akaanza kusoma taratibu maneno ya kumkimbilia Buddha, wengine wakamfuata kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye nguzo. Mbele yangu, ndani kabisa, Buddha wa jiwe alikuwa ameinua mkono wa kulia. Kila mtu kwetu anajua maana ya ule mkono. Usiogope.

Nikauangalia ule mkono, nikainamisha kichwa.

Mara moja tu bibi alijitikisa. Tuliona mkono wake mweusi mwembamba unatoka, unashika pindo la sari, unalivuta chini, magotini. Unalivuta tena. Tukadhani anajifunika miguu.

"Yu hai," Sugat alisema. Akaketi chini ghafla.

Kisha hakujitikisa tena.

Walipofika wale watu wa moshi, zilikuwa zimepita dakika hamsini. Walikuja na magunia mabichi yanayofuka na mablanketi yaliyoloweshwa maji. Moshi ulipanda, ile sauti ikapungua, sari ikaanza kuonekana nyeupe tena, vipande vipande. Mlinzi akafungua komeo.

Sugat alikimbia. Nami nikamfuata, safari hii miguu ilikubali.

Zimamoto walikuwa wanamfunua taratibu. Mmoja wao akasema, "Hapa kuna watu wawili."

Tulichodhani ni magoti ya bibi kilikuwa mgongo wa Digambar.

Kiti kilipoanguka, mwanzi ulimpiga juu ya kisigino na mfupa ukavunjika. Hakuweza kusimama. Bibi Tanhabai alimshika nguo, akamvuta, akamlaza kichwa mapajani mwake, akamfunika kwa sari. Na sari ni ndefu, lakini haikutosha watu wawili. Alikuwa anaivua upande wake anaipeleka kwa Digambar. Ule mkono tuliouona ulikuwa unamfunika yeye.

Digambar aliumwa miguuni. Bibi aliumwa uso, shingo, masikio, viganja. Daktari alihesabu akaacha.

Bibi alikufa siku ya nne. Buddha aliyelala hakumwona.

Sukhdev alitoka mtoni mzima, ila hakuwa ameona nani aliachia. Digambar alifungwa mguu, akarudi nyumbani. Wote tuliokuwa pale tuliona alikuwa wapi muda wote ule. Ungedhani imeishia hapo.

Haikuishia.

Jioni ya siku ileile yule msichana alikuwa ameiweka video mtandaoni. Ilikuwa fupi, haifiki dakika. Inaonyesha kiti njiani, nyuki, Sugat anashika shati la mtu, halafu inasikika sauti: Digambar, wa nyuma, aliachia mwanzi kwanza.

Inaishia hapo. Moshi haumo, na kilichokuwa chini ya sari hakimo.

Kufikia asubuhi watu laki tatu walikuwa wameiona. Wiki ilipoisha walikuwa laki nane. Mtu akatafuta picha ya Digambar akaibandika kando. Watu wasiojua hata Lena iko wapi wakawa wanamwombea ukoma.

Kijijini walijua alikutwa chini ya ile sari. Lakini binadamu akishapata hadithi haitupi. Wakairekebisha tu: aliachia kwanza, mguu ukavunjika, hiyo ndiyo haki ya mbinguni, akaokolewa na yule yule aliyetaka kumwua.

Baada ya miezi mitano alikuja kazini akichechemea. Mgeni wa kwanza akamtazama, akatazama simu, akasema anatafuta kiti kingine. Wa pili vilevile. Ofisini wakamshauri apumzike kidogo mpaka watu wasahau.

Mkewe aliacha kwenda kinuni kusaga mtama. Alikuwa anamtuma jirani.

Na mimi? Mimi nilikuwa nabeba. Nilikuwa nakwenda kazini kila asubuhi, nakula bhakri yangu, mkate wa mtama, na pilipili saa sita, narudi. Nilijiambia nina mabinti. Nilijiambia mambo yatapoa. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyonisaidia kulala.

Nivrutti aliligusa mara moja tu, tukiwa tunashuka. Alisema, "Shemeji, mimi sitasema. Dada yangu anakula kwako. Ila usidhani sikuwa pembeni yako." Basi.

Mwaka ulipotimia, Sugat alirudi.

Alikuja na picha ya mama yake imefungwa kwa kitambaa, ili aipeleke kwenye lile pango la mwisho. Alitukuta mimi na Nivrutti tumechuchumaa kwenye kivuli cha kibanda cha chai. Akaagiza chai tatu, akakaa nasi. Aliongea taratibu kama kawaida yake.

Alisema mama yake kabla ya kufa aliuliza habari moja tu. Aliuliza kama mguu wa yule mzee utaunga.

Halafu akasema kuna jambo jingine mama yake alilisema, na yeye alikaa nalo mwaka mzima analigeuza.

"Alisema kiti kiliinama mbele," akasema Sugat. "Alisema alikaribia kumwagika kifudifudi, na wa nyuma alikuwa bado ameshika, anamwambia bibi jishike, bibi jishike."

Chai yangu ilikuwa mkononi. Sikuinywa.

"Wewe uliniambia ni wa nyuma. Mbele mlikuwa wawili."

Alimtazama Nivrutti. Akanitazama mimi.

Nataka niwe mkweli hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika yote haya. Kwa muda wa kupepesa jicho, nilifikiria kusema ni Nivrutti.

Nikasema, "Ni mimi."

Yule wa kwanza aliponiuma kwenye kope, niliinua mikono yote miwili usoni. Mwanzi ukatoka begani. Sikukusudia. Lakini ulitoka kwangu, na ulipotoka ndipo ule upande wa nyuma ulipomvunja Digambar mguu. Bega lililokuwa jepesi lilikuwa langu mwenyewe.

Nilisubiri anipige. Ningeshukuru.

Sugat alikunja kitambaa cha picha upya, polepole, pembe kwa pembe. Akasema kwamba kukimbia angeweza kunisamehe, hata yeye hajui angefanya nini. Akasema lile jingine sio lake kusamehe. Akanionyesha kwa kidevu upande wa nyumba ya Digambar.

Nilikwenda siku hiyohiyo.

Alikuwa uani anapukuchua mahindi, mguu umenyooshwa juu ya gunia. Nilisimama. Hakuniambia nikae. Nikamweleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikuacha kitu.

Aliendelea kupukuchua.

"Najua," alisema. "Miaka kumi na tisa natazama kisogo chako. Nilikiona kinaondoka."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningemwambia nani? Watu walikuwa wameshaangalia simu." Alitupa gunzi kwenye ndoo. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua. Hakunizuia. Tulipukuchua mpaka mahindi yakaisha.

Kesho yake nilikwenda ofisini nikaandikisha maneno yangu, wakaandika, wakapiga muhuri. Nivrutti akanirekodi kwa simu yake nikiwa nimesimama palepale kiti kilipoangukia, nikasema jina langu na nilichofanya. Yule msichana wa chuo nilimtafuta, akalia, akaifuta video yake. Lakini ilikuwa imeshanakiliwa mara zisizohesabika, iko kwa watu asiowajua.

Video yangu mpaka leo imetazamwa na watu mia moja na kumi na wawili. Kuna maoni mawili. La kwanza linasema, "Huyu amehongwa."

La pili ni la binti yangu mkubwa. Ameandika tu, "Baba."

Digambar hajarudi mabegani na hatarudi, mfupa uliunga vibaya. Wageni bado wanafika na ile video. Juzi mmoja aliniuliza nikiwa nimembeba, eti yule mzee mwoga bado yupo? Nilimwambia mwoga ndiye aliyembeba. Akacheka, akadhani utani.

Sina nilichoweza kukirudisha. Nimejaribu.

Hofu ikikukuta, kimbia. Mwili ukikataa, umekataa, hakuna mwenye haki ya kukuhukumu kwa hilo. Lakini ukishafika ulipo salama, na watu wakakuuliza nani amefanya nini, tafadhali funga mdomo mpaka pumzi irudi. Na kama mdomo umeshakuponyoka, usingoje mwaka. Kesho yake tu umeshachelewa, ila mwaka ni mbaya zaidi.

Na wewe unayesoma, kama ile video ilipita kwako, ukamtukana yule mzee, hata kama ni kimoyomoyo, mwombe radhi hapo ulipo.

Anaitwa Digambar Sonune. Aliushika mwanzi mpaka mwisho.